Arobaini ya fundi wetu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Hitma ya arobaini ya marehemu fundi wetu ni Ijumaa hii baada ya Alasiri, pale pale nyumbani kwake. Wanaume tutakaa karakanani, kina mama ndani.

Milango mingi ya mtaa huu ni kazi ya mkono wake, mninga na mvule, imeungwa kwa ulimi na tundu bila msumari. Mbao mbichi alikataa hata umwongeze hela: "Itapinda, utanilaumu mimi." Kwa randa na patasi alisomesha mabinti wote, na yule mkubwa akamrithisha ufundi. Waliocheka sasa wanapanga foleni kwake! Marehemu enzi zake, ikiadhiniwa Magharibi karakana imefungwa, anakula na mkewe, na hakuna mteja wa kumtoa hapo. Mimi nilijaribu, nikaishia kupewa chai.

Mwenye picha yake aitume hapa leo, video za kusambaza tuziache. Mchango wa pilau apewe mweka hazina. Na wenye madeni ya vitanda na makabati, mjane yuko edani, miezi 4 na siku 10, tusimsumbue; binti mkubwa ana daftari.