Mhariri, tuandikieni jina la mto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalonikera kila ninapofungua kurasa za utalii. Mnachapa picha nzuri ya maji yakiporomoka msituni, halafu chini yake mnatuambia tu kwamba nchi yetu imejaliwa vivutio. Mto gani huo? Uko mkoa gani? Msomaji anabaki hajui kama picha ni ya kwetu au imeokotwa mtandaoni.

Mwezi uliopita nilikwenda na kamera yangu kwenye maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Tulianza kupanda asubuhi, mimi na mwongozaji, sauti ya maji ikitutangulia muda mrefu kabla hatujayaona. Maji yale yanashuka kwa hatua, jumla kama mita 170, na kutoka juu unaliona bonde la Kilombero lote limetandikwa mashamba ya miwa.

Jua lilikuwa kali, kila picha ikatoka nyeupe pee. Nikaketi kusubiri wingu. Lilipofika nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaliacha tundu lake la mwanga wazi nusu sekunde nzima. Maji yakatoka laini kama pamba inayosokotwa, na jiwe lenye ukoga pembeni likabaki kali, kila tone linaonekana. Manyunyu yalilowesha lenzi, nikawa nafuta kwa pindo la shati, napiga, nafuta tena. Lakini picha ninayoipenda kuliko zote si ya poromoko lenyewe. Ni ya jani moja la njano lililonaswa kwenye kidimbwi cha mwamba, likizunguka tu pale pale. Wageni wengi wanapita hapo mbio kuwahi poromoko kubwa, na mto mzima wa katikati hawauoni.

Tukiwa hapo mwongozaji akaniashiria nisikilize. Mlio mzito ulitoka ng'ambo, ukafuatiwa na mwingine. "Ngolaga," akasema. Kima huyo hapatikani penginepo duniani ila katika milima hii. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, na leo vitabuni anabeba jina la Sanje, lakini wenyeji walishakuwa na jina lake. Ndiyo maana naona uchungu, Mhariri. Watu wa pale wanakijua kila kitu kwa jina, sisi tunaosoma mjini tunapewa "vivutio".

Na maji hayo hayaishii kwenye picha. Yanateremka hadi vijijini chini ya mlima, kisha yanaingia katika bonde la Rufiji, liliko bwawa la Mwalimu Nyerere linalotuzalishia umeme. Mtu akisikia mto huo umepungua, atashtuka vipi kama hajawahi kuujua hata kwa jina?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Chini ya kila picha ya namna hii andikeni mto, hifadhi au msitu, mkoa, na jina la aliyepiga. Mstari mmoja unatosha.

Nimeambatanisha picha tatu, ya jani ikiwemo. Zikikufaa zitumie bila malipo, ila chini yake paandikwe: Mto Sanje, Udzungwa, Morogoro.

Msomaji wako,
Morogoro