Mwamba wa Mischief unaeleza sera ya China kuliko hotuba

Ndugu Mhariri,

Wengi wanaoandika kuhusu mzozo wa Bahari ya China Kusini huanzia mwaka 2012, Xi Jinping aliposhika uongozi wa chama tawala cha China, kana kwamba kabla ya hapo Beijing ilikuwa imelala. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni mwamba mmoja: Mischief.

Mwamba huu wa matumbawe uko magharibi mwa kisiwa cha Palawan, ndani ya maili 200 za baharini kutoka pwani ya Ufilipino. Kwa asili yake, maji yakijaa unafunikwa. Mapema mwaka 1995 Wafilipino walikuta vibanda vimesimamishwa hapo juu ya nguzo. China ikawaambia ni vya wavuvi wake kujikinga na dhoruba. Kambi za jeshi la Marekani nchini Ufilipino zilikuwa zimefungwa mwaka 1992. Siamini kwamba mambo hayo mawili yalisadifiana tu. Miaka michache baadaye vibanda vikawa majengo ya zege, na mwaka 2015 meli zikafyonza mchanga baharini na kuumwaga juu ya matumbawe. Leo pana njia ya kurukia ndege ya karibu kilomita 3.

Bandubandu humaliza gogo. Deng Xiaoping, kiongozi wa China wakati huo, akiwa Tokyo mwaka 1978, alishauri mgogoro wa visiwa kati ya nchi yake na Japani uwekwe kando, kwa kuwa kizazi kijacho huenda kikawa na busara zaidi. Maneno mazuri, nayaheshimu. Lakini ni enzi zake hizo hizo, Machi 1988, mabaharia 64 wa Vietnam walipouawa na jeshi la China kwenye mwamba wa Johnson South, katika bahari hiyo hiyo ya China Kusini. Lengo ni lile lile; kilichobadilika ni kasi na zana. Badala ya manowari na risasi, sasa zinatangulia meli nyeupe za walinzi wa pwani, boti za uvuvi zenye wanamgambo, na maji yanayorushwa kwa nguvu ya kuvunja vioo. Hakuna serikali itakayotangaza vita kwa sababu ya kioo kilichovunjika. Hata hivyo watu wanaumia: Juni 2024 baharia Mfilipino alikatika kidole gumba walinzi wa pwani wa China walipowazuia yeye na wenzake wakiwapelekea mahitaji wanajeshi wenzao wa mwamba wa Second Thomas, wanaoishi ndani ya meli chakavu iliyopandishwa mwambani mwaka 1999.

Ni kweli, Vietnam nayo inajaza mchanga kwenye miamba inayoishikilia, na hilo pia lisemwe.

Ombi langu ni dogo. Mnapoandika “visiwa vinavyogombaniwa”, msiutie Mischief humo. China iliridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari mwaka 1996, na tarehe 12 Julai 2016 jopo la usuluhishi lililoundwa chini ya mkataba huo liliamua kwamba mwamba unaozama maji yakijaa hauwezi kudaiwa kama ardhi, na kwamba Mischief umo katika ukanda wa kiuchumi wa Ufilipino, yaani zile maili 200. China inaikataa hukumu hiyo mpaka leo, lakini hukumu ipo.

Msomaji wenu