Uumbaji usisahihishwe kwa kalamu nyekundu

Mhariri,

Daftari la Historia la mpwa wangu aliye kidato cha kwanza lina ukurasa ulionikera. Kichwa cha habari: nadharia za asili ya binadamu. Ya kwanza uumbaji, ya pili mageuko, na chini ya kila moja ubora na udhaifu wake. Udhaifu wa uumbaji, kaandika, ni kutokuwa na ushahidi wa kisayansi. Mwalimu kampa vema, kwa kalamu nyekundu.

Wanaotaka uumbaji ubaki kwenye orodha hiyo wanadhani wanaitetea dini. Wangefungua madaftari kwanza. Mtoto aliyetoka madrasa asubuhi, mchana anatakiwa ataje kasoro za aliyofundishwa na ustadhi ili apate alama. Serikali yetu haina dini, wananchi ndio wenye dini, na kipindi cha dini kipo shuleni. Huko kitabu cha Mwanzo na Qurani vinasomwa kwa heshima yake, na mtu aliyevisomea.

Sayansi nayo haijapona. Mageuko yamebaki mchoro wa viumbe waliopanga mstari, wa nyuma kainama, wa mbele kasimama wima. Mtoto anauliza: mbona nyani wa leo hawageuki watu? Anajibiwa aandike tu kwa ajili ya mtihani, moyoni aamini anachoamini. Jibu hilo ni uvivu. Sokwe ni binamu yetu, si babu yetu. Tulitoka kwa wahenga wamoja, kisha kila ukoo ukashika njia yake. Hata Zinjanthropus, zamadamu ambaye fuvu lake Mary Leakey aliliona Olduvai Julai 1959, mwenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi, wataalamu wanamweka kwenye tawi la pembeni lililokatika. Mchoro wa mstari hauwezi kueleza hilo.

Huko Dover, Pennsylvania, Marekani, bodi ya shule iliagiza mwaka 2004 wanafunzi wa Biolojia wasomewe tamko la kuitilia shaka nadharia ya Darwin ya mageuko na kutaja mbadala wake, dai kwamba uhai ulibuniwa na mwenye akili. Wazazi 11 walikwenda mahakamani. Desemba 2005 Jaji John Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, akaamua kuwa kilichopenyezwa darasani ni dini iliyovikwa joho la sayansi. Gharama za mawakili, kama dola milioni moja, zikaiangukia wilaya. Wajumbe wa bodi walikuwa wameshaangushwa kwenye uchaguzi mwezi mmoja kabla. Angalau wenzetu waligombana hadharani. Sisi tumekiweka kila kitu kwenye orodha moja, tukanyamaza.

Naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania iuondoe uumbaji kwenye orodha ya nadharia na kuuacha kwenye kipindi cha dini. Nafasi itakayobaki wapewe walimu wafundishe ushahidi wenyewe: nyayo za zamadamu za Laetoli, za miaka milioni 3.6, ziko wilaya ya jirani, lakini watoto wa hapa wanazijua kwa picha ya kitabuni. Na Baraza la Mitihani lisitunge tena swali la kumtaka mtoto aeleze udhaifu wa imani yake.

Mzazi,
Karatu