Anayeripoti kosa la dawa asigeuzwe mshtakiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makosa ya dawa hospitalini, jambo ambalo sisi tunaofanya kazi wodini tunalijua vizuri lakini hulisema kwa kunong'ona.

Mimi ni muuguzi wa miaka mingi. Usiku mmoja, wagonjwa wakiwa wengi na sisi wauguzi tukiwa wawili tu, nilichukua kwenye trei ampuli, yaani kichupa kidogo cha dawa ya sindano, niliyodhani ni ya maji ya kuchanganyia dawa. Nilikwisha kuivunja shingo na kuvuta kilichomo kwenye bomba la sindano ndipo nikasoma tena maandishi yake: potasiamu kloraidi. Ampuli zote mbili zilikuwa za ukubwa mmoja, zenye kimiminika kisicho na rangi na maandishi madogo yanayofanana. Dawa hiyo ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa, husimamisha moyo. Mgonjwa wangu hakudhurika. Niliandika taarifa, kwa kuwa niliona wazi kwamba mwenzangu wa zamu ya asubuhi angeweza kukosea vilevile. Nilijibiwa kwa barua ya onyo, na trei ile ikabaki palepale, ampuli zikiwa bega kwa bega. Tangu siku hiyo sikusikia mtu yeyote wa wodi ile akiripoti chochote, na nakiri kwa uchungu kwamba kwa muda mrefu nami nilinyamaza.

Kwa nini ninayasema haya sasa? Kwa sababu kumwambia mtu "kuwa makini" hakujawahi kutenganisha ampuli mbili zinazofanana. Tazama dawa ya saratani iitwayo vinkristini, ambayo hutolewa kwa mshipa pekee, na ambayo ikidungwa kwenye uti wa mgongo karibu kila mara huua. Maonyo yaliandikwa kwa herufi kubwa, lakini wagonjwa waliendelea kufa katika nchi mbalimbali, mpaka taarifa za vifo hivyo zilipokusanywa na kusomwa pamoja. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo izimuliwe katika mfuko mdogo wa dripu badala ya kuwekwa kwenye bomba la sindano, kwa kuwa hakuna anayeweza kuudhania mfuko wa dripu kuwa sindano ya mgongoni. Ushauri huo ulipatikana kwa sababu kuna watu waliosema.

Mengi ya makosa yetu ni ya namna hiyo: 1.0 inayosomwa 10 kwa sababu nukta imefifia, mikrogramu inayosomwa miligramu, methotreksati ya mara moja kwa wiki inayomezwa kila siku. Ni mambo yanayozuilika, endapo mfamasia atajua kwamba yametokea.

Nchini Marekani, muuguzi mmoja alitoa dawa ya kulegeza misuli badala ya dawa ya kutuliza mwaka 2017, na mgonjwa akafariki. Alikiri kosa lake, na mwaka 2022 mahakama ikamtia hatiani kwa jinai. Sisemi kwamba hakukosea, wala siusahau uchungu wa familia ile. Nasema kwamba wauguzi waliofuatilia kesi hiyo walijifunza kunyamaza. Marubani wa nchi hiyohiyo wamekuwa na utaratibu tofauti tangu mwaka 1976: taarifa zao za makosa hupelekwa kwa siri kwa NASA, shirika la anga za juu lisilokuwa na mamlaka ya kuwaadhibu.

Anayefanya kazi akiwa amelewa, au anayefuta maandishi kwenye faili ili kuficha alichofanya, na aadhibiwe. Hapo sina huruma. Lakini aliyekosea kwa uchovu, kisha akajitokeza mwenyewe, apokewe kama shahidi. Mgonjwa naye aambiwe ukweli, na anapouliza kidonge alichopewa ni cha nini, tusimkemee, maana mara nyingine yeye ndiye mtu wa mwisho anayeweza kulizuia kosa.

Kwa viongozi wa hospitali nina ombi moja. Nendeni wodini usiku, mfungue kabati la dawa mkiwa na muuguzi wa zamu, mmuulize ni ampuli zipi zinazomtia hofu, kisha mziondoe kabla hamjatoka.

Wako,
Muuguzi wa wodi