Kifaa Kimechomolewa, Kompyuta Imeganda: Tunavyotibu Draiva Zinazogombea Kumbukumbu

Wateja wengi hutufikia na lalamiko lilelile: "Inatokea mara mojamoja, na tukijaribu kuirudia haitokei." Kifaa cha USB kinafanya kazi vizuri kutwa nzima, mtu anakichomoa, kompyuta inaganda. Kesho yake kinachomolewa na kuchomekwa mara kadhaa, kimya. Watu hulaumu waya, kisha umeme, kisha ramu. Sisi huanza na draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa.

Programu ya kawaida ikigusa kumbukumbu isiyo yake, mfumo endeshi huisimamisha na mengine yanaendelea. Draiva hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na humo hakuna askari wa kuishika mkono. Tena prosesa za leo zina kore (vitengo vya kukokotoa) nyingi, kwa hiyo vipande viwili vya draiva ileile vinaweza kukimbia sambamba, na matokeo yakategemea nani kawahi.

Chukua draiva ya kihisi. Kifaa kikichomekwa, inaomba kipande cha kumbukumbu na kuweka humo bafa (nafasi ya kushikia data kwa muda), kufuli (la kuzuia wawili wasiguse data kwa pamoja), na taima inayosoma kihisi kila milisekunde 100. Kifaa kikichomolewa, kore ya kwanza inaingia kwenye kazi ya kufunga na kukiachia kile kipande kwa kfree, amri ya Linux ya kuachia kumbukumbu. Sekunde hiyohiyo kore ya pili iko katikati ya taima, bado inakiandikia. Huenda kerneli imeshakigawa kwa sehemu nyingine, tuseme ya mtandao. Mfumo unaanguka baadaye, mahali pengine kabisa, na ripoti inaisingizia kadi ya mtandao isiyo na hatia. Ni sawa na kubomoa nyumba kabla wapangaji hawajatoka.

Na si kuganda tu. Mshambulizi akijua kulenga wakati, kosa la namna hii linaweza kumpa mamlaka yote ya mashine. Kasoro ya usalama ya Dirty COW, iliyotangazwa mwaka 2016 kwa namba CVE-2016-5195, haikuwa kwenye draiva bali kwenye usimamizi wa kumbukumbu wa Linux. Lakini nayo ilitokana na mbio za aina hii, na ilikuwa imejificha humo tangu 2007.

Dawa mbili tunazozikuta sana kwenye msimbo wa wateja hazitibu. Ya kwanza ni kuongeza usingizi kidogo kabla ya kfree: ajali inapungua, na kuipata inakuwa kazi zaidi. Ya pili ni kuongeza kufuli. Kufuli lina kazi yake, ila hapa limo ndani ya kipande kilekile kinachoachiwa, kwa hiyo anayelisubiri anasubiri kitu ambacho hakipo tena.

Kinachotibu ni mpangilio wa kufunga. Tunaorodhesha kila anayeweza kukigusa kile kipande: ishara za kukatiza zinazotoka kwenye kifaa, taima, foleni za kazi zilizoahirishwa, maombi ya USB yaliyo njiani, faili zilizofunguliwa. Tunazuia wapya wasiingie, tunasubiri walio ndani wamalize, ndipo tunaachia. Linux ina zana za kusubiri: free_irq kwa ishara za kukatiza, cancel_work_sync kwa kazi, usb_kill_urb kwa maombi ya USB. Penye taima inayoamsha kazi, na kazi inayoiwasha tena taima, ukizima moja nyingine inaifufua. Kwa ajili hiyo Linux 6.2 ilileta timer_shutdown_sync, ambayo baada yake taima haiwashiki tena. Angalia pia usiite cancel_work_sync huku umeshika kufuli ambalo kazi hiyo inalihitaji. Zote mbili zitasubiriana milele.

Faili zilizofunguliwa ndizo sumbufu kuliko vyote. Kifaa kimeondoka, lakini programu bado imeshikilia faili yake chini ya /dev, folda ya faili za vifaa, na inaweza kuisoma wakati wowote. Hapo tunaweka hesabu ya wanaokitumia kile kipande, kwa kref (kihesabio cha kerneli), na wa mwisho kutoka ndiye anayekiachia. devm_kzalloc, inayoomba kumbukumbu na kuiachia yenyewe, inapendwa, hata nasi tunaipenda, ila huachia kumbukumbu draiva inapotenganishwa na kifaa, bila kujali nani bado ameshika faili. Kwa kipande hiki haifai.

Ili kuthibitisha, tunajenga kerneli yenye KASAN, zana ya kukamata matumizi mabaya ya kumbukumbu, iliyomo tangu Linux 4.0 ya mwaka 2015. Hutenga baiti 1 ya ulinzi kwa kila baiti 8, hivyo mashine inakuwa nzito, lakini inakamata kosa palepale linapotendeka. KCSAN, ya tangu Linux 5.8, huwasaka wanaogombea data. Upande wa Windows kuna zana ya kupima draiva, Driver Verifier. Kisha tunaweka ucheleweshaji wa makusudi ndani ya taima, na skripti inaitenganisha na kuiunganisha draiva kupitia unbind na bind usiku kucha. Mkono wa mtu hauwezi kasi hiyo.

Baadhi huuliza kuhusu lugha ya programu ya Rust, iliyoingia Linux 6.1 mwishoni mwa 2022. Inafunga milango mingi ya makosa haya na kwa draiva mpya tunaishauri, pale kerneli inapokuwa na viunganishi vinavyohitajika. Draiva ya zamani inayofanya kazi, kwa kawaida tunairekebisha ilivyo.

Ukituletea kazi, leta msimbo, toleo la kerneli na logi nzima (rekodi ya matukio ya mfumo), si picha ya mistari ya mwisho ya skrini. Ripoti ya KASAN huonyesha kumbukumbu ilipoguswa, ilipoombwa na ilipoachiwa, na baadhi ya sehemu hizo hukatwa kwenye picha. Mashine ikiganda kabla ya kuandika logi diskini, unganisha konsoli ya siriali (njia ya waya ya kutoa ujumbe wa kerneli) kwenye kompyuta nyingine kabla ya kujaribu tena.