Salamu za Krismasi kwa Wanaoandika Mapenzi ya Desemba

Ndugu waandishi na wasomaji wa hadithi za mapenzi, mlioko Mwanza, Sengerema, Ukerewe, Bukoba, Musoma na kila mwalo wa Ziwa Victoria letu: heri ya Krismasi, na Mungu atufikishe salama mwaka mpya. Mwangaluka, kama tusalimianavyo Kisukuma!

Huu ndio msimu ambao jiji la Mwanza linarudishiwa watu wake. Mabasi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, yanashusha stendi ya Nyegezi watu ambao hawajaonekana mwaka mzima. Mvua za vuli zimeosha mawe ya Capri Point, na kwaya ziko mazoezini tangu Novemba. Katika pilikapilika hizo, walioachana wanagongana bila kupanga: kwenye soko la samaki Kirumba, kwenye kipaimara cha mtoto wa dada, hata msibani. Ndiyo maana kila Desemba hadithi za penzi lililofufuka zinaandikwa, nasi tunazisoma kwa mapenzi makubwa. Kwa kuwa tunazipenda, salamu zetu zinakuja na maneno ya kazi.

Sikukuu haipatanishi watu. Inawakutanisha tu. Hadithi nyingi zinafia hapo. Mwandishi anawatenganisha wawili kwa jambo zito, tuseme mume alichukua kwa siri fedha za kikoba cha mkewe, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, mama wa watu akaaibika mbele ya wenzake. Halafu mkesha wa Krismasi kengele zinalia, machozi yanatiririka, wamerudiana. Dada yeyote aliyewahi kudaiwa mbele ya kikundi anaiweka simu pembeni. Anachotaka kujua ni hiki: deni limelipwa? Nani alilipa, lini, na nani shahidi?

Kwa hiyo badiliko la mkosaji lianze miezi kadhaa kabla ya tiketi ya basi, na lijulikane kwa kinywa cha mtu mwingine. Mwenyekiti wa kikoba aje kula pilau, aseme akipakua, "Lile deni lako mbona liliisha tangu Agosti? Si Baba Neema alikuwa analeta kidogo kidogo?" Mama Neema hakujua. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko kurasa tatu za "nisamehe mpenzi". Na baba mwenyewe asiwe ameitangaza. Akijisifu, umemharibu.

Pimeni pia jeraha lenyewe. Umbali, kiburi, wazazi waliokataa, fedha, uongo wa ujanani: hayo yanatibika, na tiba yake inaandikika. Kipigo ni habari nyingine. Tunawasihi, msimrudishe mwanamke kwa mume aliyempiga eti kwa sababu ni Krismasi. Mpeni nafasi ya pili kwa mtu mwingine, au peke yake na wanawe. Hadithi hiyo nayo ni ya mapenzi.

Mvuto usiotarajiwa nao una utaratibu wake. Mkutano mmoja hautoshi. Tumieni mitatu, na kila mmoja uonyeshe jambo ambalo uliotangulia ulificha. Kwaya inafaa sana kwa sababu mazoezi yana ratiba. Wiki ya kwanza mwalimu mpya wa kwaya anamkosoa mwimbaji wa sauti ya pili mbele ya wote, naye anakasirika kwa haki. Wiki ya pili anamkuta mwalimu amebaki kumfundisha kijana asiyejua kusoma nota, mstari kwa mstari, bila kuinua sauti. Wiki ya tatu mvua inanyesha na boda hakuna. Hapo hata salamu ya kawaida inatetemesha. Wanaoanza na mvua wanapoteza kila kitu, maana msomaji bado hana sababu ya kuwatakia mema.

Mnapotaka kuwasogeza wawili karibu bila kuwakumbatisha, wapeni kazi ya mikono. Sato wa kilo moja anatosha. Aparwe magamba, achanjwe mistari mitatu kila ubavu, apakwe chumvi na ndimu, akae nusu saa, kisha akaushwe vizuri kwa kitambaa, la sivyo mafuta yataruka. Mwanamume ana haraka, anapeleka kijiko ageuze.

"Baba Neema, mwache kwanza."

"Ataungua, mama."

"Haungui. Ukimgeuza sasa ngozi yote itabaki kwenye kikaango. Akiiva ataachia mwenyewe."

Hakuna aliyetamka mapenzi, na kila mtu jikoni amesikia.

Mahali nako kunahitaji uaminifu. Desemba, jua la Mwanza huzama saa moja kasoro dakika chache, tena ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Mkiwaandikia wapenzi wa Capri Point machweo ya saa kumi na mbili na nusu, mmeazima saa ya Dar es Salaam. Wale waliozoea kuwakwamisha wapenzi wa zamani kwenye foleni ya kivuko Kigongo watafute pengine, kwani daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na ghuba inavukwa kwa dakika. Pandeni meli ya Nansio, kule Ukerewe: ni saa kadhaa majini, hakuna anayeshuka njiani, na mazungumzo yaliyokwepwa kwa miaka mitano yatafanyika tu. Shujaa wenu akiwa mvuvi wa dagaa, tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kumketisha mezani usiku wa Krismasi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ndiyo humrudisha mvuvi nyumbani.

Jambo moja linatuuma. Msizamishe meli ili kumwondoa mpinzani wa shujaa. MV Bukoba ilizama Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, na wanaosoma hadithi zenu walizika watu wao. Mpinzani aondoke kwa basi.

Sheria nayo inaharibu miisho mingi. Waliokutana Krismasi hawafungi ndoa Mwaka Mpya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla, labda ipatikane leseni maalumu, na makanisani matangazo husomwa Jumapili tatu. Waliotengana bila talaka bado ni mume na mke, kwa hiyo hawahitaji harusi ya pili. Wanahitaji wazee wa pande mbili wakae, na mume atanguliwe na mshenga badala ya kubisha hodi ukweni mikono mitupu. Kwa Waislamu, mume aliyetoa talaka rejea anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda bila kufunga ndoa upya. Eda ikipita, ni ndoa mpya na mahari mapya, kwa ridhaa ya mke. Hapo pana hadithi nzuri mno, na wachache wanaiandika: mwanamke ambaye safari hii anaulizwa, naye anachukua muda wake kujibu.

Basi harusi iacheni. Malizieni Januari 2 pale Nyegezi, konda anaita majina, tiketi iko mkononi, na mmoja anauliza kama inaweza kusogezwa hadi Jumapili.

Heri ya Mwaka Mpya, na kazi njema.