Kabla Hujajenga Ukuta wa Kiwanja Dodoma, Tafuta Bikoni

Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kina mzunguko wa mita 90. Ukuta wa bloku wenye kimo cha mita 2 kukizunguka unakula tofali zaidi ya 1,500, hapo bado mchanga, saruji, nondo za nguzo na geti. Kwa familia nyingi tunazojengea Nzuguni, Iyumbu, Ilazo na Mkonze, hiyo ni akiba ya muda mrefu. Ndiyo maana hatuchimbi msingi kabla ya kuziona bikoni zote za kiwanja, yaani alama za mipaka, hata kama mteja ana haraka na mafundi wameshafika saiti.

Kwenye kiwanja kilichopimwa, kila kona ina bikoni: chuma kilichoshikwa kwa zege, chenye namba inayosomeka pia kwenye ramani ya upimaji. Mara nyingi huioni kwa kupita tu. Mvua imeifukia mchanga, trekta limeipiga, lori la mawe limeikanyaga. Hapo ndipo unakuta majirani wawili wamekubaliana kwamba mpaka ni mti fulani, au ni mstari wa minyaa aliyoipanda mwenye shamba kabla eneo halijapimwa. Minyaa haimo kwenye ramani. Bikoni ikipotea, wa kuirudisha ni mpima ardhi aliyesajiliwa, kwa vipimo vya ramani iliyoidhinishwa. Fundi hawezi, dalali hawezi, wala mzee wa mtaa hata kama anakumbuka vizuri. Na kuing'oa au kuihamisha kwa makusudi ni kosa kisheria.

Mpaka ukishajulikana, angalia upana wa msingi. Ugomvi mwingi tunaouona unaanzia hapa. Watu wanavuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni, wanachimba mtaro kamba ikiwa katikati, wanapanga tofali. Lakini tofali la inchi 6 linakaa juu ya msingi mpana zaidi, sentimita 45 mpaka 60. Maana yake nusu ya zege lako imelala kwa jirani. Leo hasemi kitu. Siku anachimba shimo la maji taka au msingi wa ukuta wake, sururu inagonga zege lako, na ujirani unaharibika kwa sentimita 30. Sisi kamba ya mpaka tunaiacha pale pale, tunavuta ya pili upande wa ndani, ili ukingo wa nje wa msingi ndio uishie mpakani. Unapoteza sehemu ndogo ya uwanja, lakini hakuna wa kukudai.

Njia nyingine, na sisi tunaipenda, ni ukuta wa kuchangia: mpaka unapita katikati na gharama mnagawana. Makubaliano hayo yaandikwe, wote wawili wasaini, na nakala ibaki ofisi ya serikali ya mtaa. Mmoja wenu akiuza kiwanja mwakani, mnunuzi hatajua mlichoongea kwa mdomo.

Kuhusu kibali, wateja wengi hutuambia mwenyekiti wa mtaa ameshawaruhusu. Mwenyekiti ni mtu muhimu, na ni vizuri ajue unajenga, lakini kibali cha ujenzi kinatolewa na Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Ukuta wa kudumu ni ujenzi kama ujenzi mwingine. Kama nyumba yenyewe bado hujaanza, mwambie mchoraji aonyeshe ukuta kwenye michoro ile ile: unapopita, kimo chake, geti liko wapi. Utakuwa umemaliza yote kwa safari moja. Mwenye karatasi za enzi za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) asizitupe. Mamlaka ile ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia manispaa, ambayo Aprili 2018 ilitangazwa kuwa jiji. Zipeleke idara ya ardhi ya Jiji zihakikiwe kabla hujanunua tofali.

Upande unaotazama barabara ndio wenye hatari kubwa zaidi. Kwa barabara kuu na za mkoa zilizo chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara), kama zile za kwenda Morogoro, Singida, Iringa na Arusha, hifadhi ya barabara, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, iliyowekwa na Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na upana wake unasomwa kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo lako. Usipime kwa macho. Magari yanaweza kuwa yanapita kwenye kijia chembamba kwa sababu barabara haijachongwa, wakati kwenye mchoro ni pana mara mbili ya hapo. Siku greda likija, ukuta uliojengwa ndani ya hifadhi unawekwa X nyekundu, alama ya kubomolewa, na X nyekundu haina fidia.

Wenye viwanja vya kona, tafadhali someni hapa. Mara nyingi utakuta bikoni mbili zimekaribiana pale barabara zinapokutana, kama vile kona imekatwa. Wengine hudhani mpima amekosea, wanatuomba tuunyooshe ukuta ufike kwenye pembe. Hatufanyi hivyo. Pale pamekatwa makusudi ili dereva na bodaboda waonane kabla ya kukutana, na ili mtoto anayetoka shule aonekane. Ni ardhi ya barabara, si yako. Geti nalo lifungukie ndani au liwe la kuteleza. Lisifagie njia ya watu.

Mvua zetu za Desemba mpaka Aprili huja kwa nguvu, na ukuta uliozuia njia ya maji huanguka au huyasukuma kwa jirani. Tunaacha matundu chini na hatujengi kukata mkondo wa korongo.

Mpaka ukishaleta mgogoro, Baraza la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Msiposuluhishwa mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ujenzi unaweza kusimama muda wote huo. Kwa hiyo siku ya kuonyesha bikoni tunaomba jirani awepo, aione kwa macho yake.

Ukija ofisini, leta nakala ya hati au barua ya toleo, ramani ya upimaji na kibali kama unacho. Kuja kukagua bikoni hatutozi. Zikikosekana, mpima utamlipa mwenyewe moja kwa moja, na bei ya ukuta tutakupa baada ya yeye kumaliza, kwa sababu urefu halisi ndipo unapojulikana.